Bobari Mbili

Miaka tisa nimechonga miiko.
Kisu kimoja, paja langu,
na kipande cha mti kisichozidi mkono.
Mama Nyanzobe anao mmoja, hugongea sufuria
mpaka nusu ya Igoma ijue ugali umeiva.

Sasa lipo gogo uani,
limelala kama mgeni aliyekataa kiti.
Nililinunua Igombe, ufukweni, kwa wavuvi
waliolitanguliza chini ya mitumbwi
kila walipoipandisha nchi kavu.
Mvule. Nikilikumbatia vidole havikutani.
Mgongo wake umelainishwa na matumbo ya mitumbwi.
Kisu changu kililitazama, kikanyamaza.

Nikashuka mjini na laki na ishirini.
Makoroboi, dukani, patasi kumi na mbili
ndani ya boksi la mahameli jekundu,
zinang'aa kama meno ya bwana harusi.
Kumi na mbili! Nikaanza kuzipa majina.
"Dada," muuzaji akasema, "hizi hata chuma zinachonga."
Hapo nikafunga kibindo changu.
Mimi nina ugomvi na mti tu.

Mabatini, nyuma ya gereji,
Lushinge hufua bobari kwa springi za malori ya pamba.
Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi,
jezi imetoboka kwa cheche, maneno yake machache.
"Waliosema mchagua jembe si mkulima
hawakuwahi kuchonga. Chagua."

Akapanga nyundo tatu juu ya pipa.
Nikaikimbilia ya chuma, kwa tamaa.
Akaninyang'anya.
"Hii itapasua mpini leo, kesho kiganja.
Mti upigwe na mti mwenzake."

Zikabaki mbili:
ya mkwaju, nzito kama neno la mkwe,
na ya mpera, duara, boga changa lenye mkia.
"Piga mia. Usipige kama mwenye hasira.
Piga kama mtu anayetwanga
na mahindi bado ni debe zima."

Kwa mkwaju, kwenye arobaini,
bega likaanza kuniuliza maswali.
Kwa mpera nilifika sijui ngapi,
nilikuwa nimesahau kuhesabu.

Kisha bobari. Moja pana, vidole viwili,
imepinda kidogo tu, kama ukucha wa dole gumba:
hiyo ya kuondoa.
Moja ya kina, nusu ya tete:
hiyo ya kufungua njia.
"Na za kope? Na za mdomo?"
"Utazifuata," akasema, "gogo likishapata uso."
Hela ikaisha. Nauli alinikopesha yeye.

Alfajiri nikapiga.
Banzi la kwanza lilijikunja kama sikio la mbuzi.
La pili. La tatu.
La nne, krrr.

Mchanga.
Mchanga wa Igombe, miaka yote ile ya mitumbwi,
ulizama ndani ya ngozi ya mvule
ukangoja makali ya mgeni.
Bobari pana ikapata pengo,
kinywa cha mtoto wa darasa la pili.

Nikakaa chini. Nikaufikiria mwiko,
namna usivyomdai mtu kitu.

Nyuma ya choo chetu liko jabali kubwa kuliko nyumba,
lakini lile ni la mapanga.
Nikachukua kinoo, bakuli la maji,
nikanoa mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia magoti,
nikapima kwa unywele wa mkono.
Nikaazima shoka kwa Doto,
nikalivua gogo ngozi yake yote ya ziwani
kama anayemwosha mtoto miguu
kabla hajapanda mkekani.

Chini yake, rangi ya asali iliyoungua kidogo.

Mama Nyanzobe akapita, akalizunguka mara mbili.
"Mwiko huu," akauliza,
"ni wa kusongea ugali wa nani?"

Nikapiga.
Banzi likaruka, likatua juu ya kitenge chake.
Hakulikung'uta.